Kituo cha City Hall, New York: kona iliyokijenga ndiyo iliyokifunga

Kituo cha treni za chini ya ardhi cha City Hall mjini New York hakijapokea abiria wa kawaida tangu tarehe 31 Desemba 1945, lakini treni zinapita ndani yake mchana na usiku. Treni namba 6 ikimaliza safari yake kusini mwa Manhattan huzungukia humo: inapita mbele ya jukwaa tupu, inakata kona, inarudi kaskazini kuchukua watu. Picha zake zimesambaa sana mtandaoni, zenye matao ya vigae vya kijani na rangi ya maziwa, taa za shaba na vioo vya dari. Chini ya picha hizo huandikwa habari za mizimu, au mtu hulalamika kwamba Wamarekani wana pesa za kuchezea hadi wanafunga kituo kizuri namna hiyo. Sababu yenyewe ni hesabu tupu. Inahusu kona ya reli na mahali mlango wa behewa ulipowekwa, na mwenye karatasi na kalamu anaweza kuihakiki mwenyewe.

Tuanze na reli. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Manhattan walisafiri kwa tramu za barabarani na kwa treni zilizopita juu ya nguzo za chuma. Dhoruba ya theluji ya Machi 1888 ilikwamisha usafiri wote huo, na hoja ya kuingia chini ya ardhi ikapata nguvu mpya. Mkataba ulisainiwa Februari 1900: mkandarasi John B. McDonald, mfadhili August Belmont, gharama dola milioni 35. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Machi, Meya Robert Van Wyck alichimbua udongo wa kwanza mbele ya City Hall, jumba la ofisi za jiji, kwa sepetu ya fedha. Mhandisi mkuu alikuwa William Barclay Parsons. Treni zilianza kazi tarehe 27 Oktoba 1904 chini ya kampuni ya Interborough Rapid Transit, ambayo watu waliiita IRT. Njia ilitoka City Hall hadi mtaa wa 145 upande wa Broadway, ikiwa na vituo 28, na nauli senti 5. Treni ya kwanza iliendeshwa na meya mpya, George McClellan, ambaye alitakiwa kuiwasha tu kwa heshima kisha ampishe dereva. Akakatalia usukani mpaka mtaa wa 103. Jioni hiyo milango ilipofunguliwa kwa umma, zaidi ya watu 100,000 walilipa nauli.

Parsons alikuwa amekwenda Ulaya kuangalia wenzake wanafanyaje. London ilikuwa imechimba mahandaki ya kina kirefu ambayo abiria aliyafikia kwa lifti. Yeye akachagua kukaa karibu na uso wa barabara, ili mtu ashuke ngazi chache tu awe jukwaani. Njia hiyo ni ya mtaro: barabara inafunguliwa, handaki linajengwa ndani ya shimo, kisha barabara inarudishwa juu yake. Ukisikia hivyo unaona ni kazi nyepesi, lakini chini ya barabara za Manhattan kulikuwa na mabomba ya maji, ya gesi na ya majitaka, na yote yalipaswa kushikiliwa au kuhamishwa kabla ya kujenga chochote. Baada ya hapo ilimwagwa sakafu ya zege, yakawekwa matabaka ya kitambaa kizito kilicholoweshwa lami ya moto ili kuzuia maji, zikasimamishwa fremu za chuma kila baada ya meta moja na nusu, na nafasi kati ya fremu zikajazwa zege. Juu ya paa likaja tabaka jingine la lami, kisha udongo, kisha mawe ya barabara.

Ile lami ilifanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Ilizuia maji yasiingie, na ikazuia joto la mota, breki na miili ya watu lisitoke kupitia ardhini. Kiangazi cha 1905, cha kwanza tangu kufunguliwa, abiria walichemka na malalamiko yakafurika. Ikabidi matundu ya hewa yatobolewe hadi juu barabarani. Anayetembea leo Manhattan akikanyaga wavu wa chuma pembeni mwa barabara, huku upepo wa moto ukimpanda miguuni, anakanyaga mtoto wa kosa lile.

Mpangilio wa reli ndio unaoeleza kwa nini City Hall ilijengwa ilivyo. Katika sehemu kubwa ya Manhattan njia ilikuwa na reli nne sambamba: mbili za nje kwa treni zinazosimama kila kituo, mbili za kati kwa treni za haraka. Treni za haraka zilipangiwa kuendelea kusini, na kweli mwaka 1905 zikafika Bowling Green, kisha 1908 zikavuka kwenda Brooklyn. Zile za kila kituo zilitakiwa kuishia karibu na ofisi za jiji na kurudi zilikotoka. Kugeuza treni kwenye reli inayoishia ukutani kunamlazimu dereva kutoka mwisho huu na kwenda mwisho wa pili, na treni inapoondoka hukata njia ya inayoingia. Treni zikifuatana kila dakika mbili au tatu, foleni inaanza hapo na kusambaa njia nzima. Parsons akakwepa tatizo kwa kitanzi. Reli ya kusini ya treni za kila kituo ikishapita kituo cha Brooklyn Bridge, inaingia chini ya bustani ya City Hall, inapinda kushoto, inazunguka na kutokea upande wa pili ikiwa tayari ni reli ya kaskazini. Dereva habanduki kwenye kiti.

Kituo cha City Hall kimewekwa juu ya pindo la kitanzi hicho. Kina reli moja na jukwaa moja tu, upande wa nje wa kona. Kutoka bustanini abiria alishuka ngazi hadi ukumbi wa kati, wenye dari ya kuba na kioo cha mwanga juu kabisa, na hapo ndipo palipokuwa na kibanda cha tiketi. Alinunua karatasi ya senti 5, akaitumbukiza kwenye sanduku la mhudumu aliyeikatakata, kisha akashuka ngazi nyingine kupita chini ya tao lenye jina la kituo hadi jukwaani. Hakukuwa na njia ya kuvukia upande wa pili kwa sababu upande wa pili haukuwapo. Anayeshuka na anayepanda walitumia jukwaa lile lile, na treni ikiondoka ilikuwa tayari inaelekea kaskazini.

Vituo vingine vya njia hiyo vina dari bapa za mihimili ya chuma na misitu ya nguzo. Hapa, kwa kuwa ndipo mwanzo wa njia na ndipo wakubwa wangekusanyika siku ya ufunguzi, wasanifu Heins na LaFarge waliruhusiwa kuachana na ubapa. Waliitumia kampuni ya Guastavino. Rafael Guastavino alizaliwa Valencia, Hispania, akahamia Marekani mwaka 1881 akiwa na ufundi wa kwao wa kujenga kuba nyembamba kwa vigae. Nitakaa hapa kidogo, maana wengi husema tu kwamba kituo "kimepambwa kwa vigae", kama vile vimebandikwa juu ya zege. Katika kazi za Guastavino vigae vyenyewe ndivyo paa.

Kigae cha kawaida cha kazi hiyo kina unene wa takriban sentimita 2.5, upana wa 15 na urefu wa 30. Tabaka la kwanza hupangwa bapa, kigae kikigusana na mwenzake ukingoni, na hushikwa kwa jasi inayokauka haraka sana. Fundi akikishikilia kigae kwa muda mfupi kinabaki hewani, kikiwa kimeshikwa na vigae jirani. Ndiyo maana hakuhitaji msitu wa mbao za kushikilia kuba nzima kama anavyofanya mwashi wa matao ya mawe. Fremu nyepesi ya kumwonyesha umbo ilimtosha. Tabaka la pili na la tatu hulazwa juu ya la kwanza kwa saruji, na viungo vyake vinapishana na vya chini ili ufa usipate njia ya moja kwa moja. Jasi inaharakisha, saruji inadumisha. Fundi akikosea akatumia jasi matabaka yote, unyevu wa ardhini utailainisha na kuba itaachia. Akitumia saruji tangu tabaka la kwanza, atasimama siku nzima ameshika kigae kimoja. Ubora wa kazi hii unaonekana kwenye ukumbi mkuu wa Ellis Island, kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji, ambao dari yake ilijengwa na kampuni hiyo hiyo mwaka 1918: ilipokaguliwa wakati wa ukarabati wa miaka ya 1980, vigae 17 tu kati ya zaidi ya 28,000 vilihitaji kubadilishwa.

Kuba za vigae zina faida nyingine iliyowafaa wasanifu wa City Hall: zinafuata kona bila shida. Mhimili wa chuma umenyooka na unataka mwenzake aliyenyooka. Kigae kidogo unakipeleka unakotaka.

Sasa kona yenyewe. Katika ripoti za ujenzi wa 1904, kona kali kuliko zote za njia hiyo ni hii ya City Hall, yenye nusukipenyo cha futi 147, yaani kama meta 45. Kwa treni hiyo ni kona ya kubana sana. Magurudumu mawili ya ekseli moja yameungana na lazima yazunguke kwa kasi moja, lakini kwenye kona reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Upana kati ya reli ni meta 1.435, zidisha kwa 3.14 upate kwamba katika nusu duara gurudumu la nje linatakiwa kwenda meta 4.5 zaidi ya mwenzake. Magurudumu ya treni yamechongwa kwa mteremko kidogo ili kufidia tofauti hiyo, na kwenye kona pana inatosha. Kwenye kona ya meta 45 haitoshi hata kidogo, kwa hiyo gurudumu linateleza juu ya chuma, na ule mlio mkali unaopasua masikio unatoka hapo. Ukingo wa gurudumu nao unasugua reli ya nje na kuila. Dawa ni grisi, mwendo wa polepole, na reli ya ulinzi kando ya ile ya ndani inayolizuia gurudumu lisipande.

Mtu angetegemea mabehewa ya namba 6 yalike upande mmoja tu, kwa sababu yanapinda kushoto kila mara. Hayaliki hivyo, na sababu iko mwisho wa pili wa njia. Kule Pelham Bay Park, Bronx, hakuna kitanzi. Treni inageuka kwa dereva kuhamia mwisho mwingine. Kichwa cha safari hii kinakuwa mkia wa safari ijayo, na upande uliokuwa kushoto unakuwa kulia. Zamu zinapishana zenyewe.

Kilichokiua kituo ni milango. Mabehewa ya kwanza ya IRT yalikuwa na milango kwenye ncha mbili tu, na urefu wa takriban meta 15.6. Behewa ni mstari ulionyooka, jukwaa ni upinde. Jukwaa likiwa nje ya kona, ncha za behewa ndizo zinazolikaribia, na katikati ya behewa panajitenga nalo. Kwa milango ya nchani hakukuwa na tatizo kubwa. Abiria alivuka pengo dogo akaingia. Lakini kushusha na kupandisha watu kwa milango miwili ya nchani kulikuwa kwa taratibu mno, aliyekaa katikati alilazimika kupenya mwili wa kila mtu, na treni zilichelewa vituoni. Ndani ya miaka michache IRT ikaanza kutoboa mlango wa katikati kwenye mabehewa yake. Vituo vilivyonyooka vilinufaika mara moja. City Hall ikapata balaa.

Hesabu yake ni hii: chukua urefu wa behewa, uzidishe kwa wenyewe, ugawanye kwa mara nane ya nusukipenyo. 15.6 kwa 15.6 ni 243. Gawanya kwa 8 mara 45, yaani 360. Jibu ni meta 0.68. Ukikumbuka kwamba jukwaa liko nje kidogo ya mstari wa reli, nusukipenyo chake ni kikubwa zaidi, jibu linashuka kama sentimita mbili tatu. Kwa hiyo mlango wa katikati unasimama sentimita 65 hivi mbali zaidi na jukwaa kuliko ncha za behewa lile lile. Abiria wa mwendokasi wa Dar es Salaam anajua anavyolazimika kuruka basi likisimama mbali na jukwaa. Hapa lile pengo lingekuwepo kila siku, kwa kila treni, hata dereva awe hodari namna gani, na chini yake kuna reli. Huwezi pia kusogeza jukwaa mbele kuziba pengo, maana ncha za behewa zitaligonga zikipita.

Shida ya pili ilikuwa urefu. Vituo vidogo vya 1904 vilikusudiwa treni za mabehewa 5. Mwaka 1910 yalifikiwa makubaliano ya kurefusha majukwaa ili treni za haraka ziwe na mabehewa 10 na za kila kituo 6, na baadaye hata hizo za kila kituo zikahitaji kurefushwa tena. Mabehewa 10 ya meta 15.6 ni meta 156. Nusu duara la nusukipenyo cha meta 45 lina meta 141 tu. Hebu fikiria jukwaa la treni kama hiyo kwenye kona ile: lingezunguka zaidi ya nusu duara, kondakta aliye katikati ya treni asione mlango wa mwisho wala wa kwanza. Kulirefusha kungemaanisha kubomoa zile kuba na kuchimba upya chini ya bustani ya jumba la jiji.

Na kwa faida ya nani? Kituo cha Brooklyn Bridge kiko hatua chache tu kutoka hapo. Kule treni za haraka zilisimama, na juu yake kulikuwa na tramu na treni zilizovuka daraja kwenda Brooklyn. Mtu mwenye akili zake alikwenda Brooklyn Bridge, akachagua treni. Miaka ya mwisho City Hall ilipata abiria wasiofika elfu moja kwa siku, katika mtandao uliobeba mamilioni. Kukifunga haukuwa uamuzi mgumu, na sidhani ulikuwa wa makosa.

Wenye kona kama hiyo kwingineko walihangaika. South Ferry, ncha ya kusini kabisa ya Manhattan, ilikuwa na vitanzi viwili. Kwenye kile cha ndani ilifunguliwa milango ya katikati tu. Kwenye cha nje, jukwaa lilitosha mabehewa 5 ya mbele. Aliyekuwa nyuma alihama mwenyewe kabla treni haijafika, au alibaki ndani. Kituo kipya kilifunguliwa hapo mwaka 2009, maji ya tufani Sandy yakakijaza mwaka 2012, na kile cha zamani kikarudishwa kazini kuanzia 2013 hadi 2017. Ukitaka kuona dawa ya pengo ikifanya kazi leo, nenda Union Square kwenye jukwaa la treni 4, 5 na 6 zinazokwenda kusini. Treni ikishasimama, sahani za chuma zinachomoza kutoka ukingo wa jukwaa kufuata milango. Zinarudi ndani kabla treni haijaondoka. Dereva lazima asimame sawasawa kwenye alama yake. Akizidisha, sahani zinakabili ukuta wa behewa badala ya mlango. Sahani ikigoma kurudi, treni haiondoki, na zilizo nyuma yake nazo zinasubiri.

Vioo vya dari vya City Hall vilipakwa lami wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ili mwanga usionekane kutoka angani. Mwaka 1979 kituo kiliwekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na jiji. Mpango wa miaka ya 1990 wa kukifungua kama tawi la makumbusho ulizimwa kwa hofu ya usalama, maana kiko chini ya mlango wa ofisi ya meya. Oktoba 2004 kilifunguliwa kwa muda katika maadhimisho ya miaka 100.

Anayetaka kukiona ana njia mbili. Ya kwanza ni ziara za New York Transit Museum, ambazo ni za wanachama wa makumbusho na nafasi zake huisha mapema. Ya pili ni nauli ya kawaida. Panda namba 6 ya kusini, ifike kituo chake cha mwisho, Brooklyn Bridge–City Hall, na usishuke. Tangazo lenyewe litakuambia kwamba kituo kinachofuata ni hicho hicho, jukwaa la kaskazini. Kaa upande wa kulia wa treni. Taa za ndani ya behewa zinafanya kioo kiwe kama cha kujitazamia, kwa hiyo bandika uso dirishani na uzibe mwanga kwa viganja. Mchana ni afadhali kuliko usiku, kwa sababu ya vioo vya dari. Usichanganye majina: kituo kinachoitwa City Hall kwenye ramani ya sasa ni cha treni R na W, upande wa Broadway, kilijengwa na kampuni nyingine na hakina kuba za Guastavino. Kazi za reli zikiwepo, hasa wikendi, namba 6 huweza kubadilishiwa njia, basi soma matangazo ya siku hiyo kabla hujaingia.